TV Iliyokuwa Inahubiria Kitanda

Marion alifungua mlango akapata TV inahubiri. Pasta anaita watu mbele, kwaya inaitikia, na kwa kitanda hakuna mtu.

Shuka limekunjwa. Mkoba wa mama hauko.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hii story ukiisikia mwisho tu utadhani ni uchawi. Afadhali ingekuwa uchawi.

Marion anauza nguo hapa Migori mjini, duka lake na langu zimepakana. Mama yake, Phelesia, anaishi Sindo, huko ziwani. Macho yalikuwa yanamsumbua. Sasa kukatangazwa madaktari wa macho wanakuja Migori, wiki moja tu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kila mzee aje na mtu wake wa kumshika mkono.

"Kuja mama, nitakupeleka mwenyewe," Marion akasema kwa simu. Nilimsikia na masikio yangu.

Lakini kwetu Wajaluo, mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake. Hiyo hata hatuongei. Kwa hivyo Jacktone, bwana yake Marion, akatafuta nyumba nje ya mji, zile watu wa Nairobi hukodisha wakija likizo. Sofa, jikoni safi, TV pana kama mlango.

Marion naye, vile anapenda mambo ya kisasa, akachomoa ile stick yake ya kustream kwa TV ya nyumbani, akaiweka kwa pochi. Ati mathe asiboeke.

Jumapili jioni wakafika. Mama akakalishwa kwa sofa. Marion akapiga magoti nyuma ya TV, akatafuta mahali pa kuchomeka. Stick ikakataa Wi-Fi ya wageni. Scovia, msichana anayetunza ile nyumba, akaleta password ya ofisi. Ikakubali.

Akafungua mahubiri ya Kijaluo. Baada ya muda TV ikauliza kama bado kuna mtu anatazama.

"Hii itamsumbua mathe," Marion akasema. Akaingia kwa settings, akalizima hilo swali. Video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe.

"Mama, nikiwa dukani naona kwa simu yangu kile unatazama. Nikiona inacheza, najua uko sawa."

"Inaongea vizuri, nyathina," mama akajibu. "Mungu akubariki mtoto wangu."

Jumatatu mzigo ukafika dukani. "Mama, kesho."

Jumanne wateja wakajaa, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. "Mama, kesho asubuhi na mapema."

Jumatano hakupiga simu kabisa. Aliangalia tu kama inacheza. Inacheza.

Nikamuuliza, "Wewe, mathe umempeleka?"

Akanionyesha simu. "Ona huyu. Ni mahubiri tu tangu asubuhi. Mathe anakula maisha."

Nikamwambia mahubiri hayashiki mtu mkono. Akacheka, akaendelea kupanga suruali.

Hata Jacktone alimuuliza Alhamisi wakila. "Mama anaendeleaje?"

"Yuko sawa. Anatazama TV."

Ijumaa, siku ya mwisho ya madaktari, ndio akafunga duka akaenda. Alikuwa amebeba samaki na kuon, ugali wetu, kwa hotpot. Ndio akapata hiyo TV inahubiria kitanda.

Scovia akaingia na ufagio.

"Mama yangu ako wapi?"

"Alienda Jumatano asubuhi, matatu ya Sindo ilimchukua hapo getini."

"Jumatano? Na hii TV?"

"Alisema nisiizime. Alisema ukiona imezimika utaacha kazi uje mbio, na uko na kazi mingi."

Marion akakaa chini na hotpot yake.

"Si angengoja tu."

"Alingoja," Scovia akasema. "Jumatatu alivaa, akaweka kiti hapo mlangoni. Kila gari ikipita anauliza, ni Marion? Jumanne akavaa tena. Mimi ningempeleka lakini siruhusiwi kutoka kazini. Nikamwambia, mama, si utazame TV kidogo. Akaniambia yeye anasikiliza tu, uso wa mtu hajauona siku mingi."

"Mimi aliniambia ni ukungu kidogo."

"Anatembea akishika ukuta, dada. Hata hiyo siku mlikuja, nilimshika mkono kutoka kwa gari mpaka kwa sofa. Wewe ulikuwa nyuma ya TV."

Marion akapiga simu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nyathina. Ukasema kesho." Mama hakuwa amekasirika, na hiyo ndio ilimmaliza Marion. "Nilifika salama. Kondakta alinishika mkono mpaka kwa mlango wangu. Kijana mzuri sana. Sasa unaweza kuizima."

Marion akaizima.

Alitaka kuchukua gari amfuate mama Sindo, amrudishe Migori. Akapiga hesabu ya barabara, akaona hawezi kurudi kabla madaktari hawajafunga. Mchana huo madaktari walipakia vitu vyao wakaondoka. Kuja tena, hakuna mtu anajua lini.

Nyumbani alilia, akamwambia Jacktone, "Ni hii mila yetu. Mama angelala hapa kwetu, ningemwona, ningejua."

Jacktone akaweka kikombe chini pole pole.

"Mila ilimkataza yeye kulala kwako. Wewe, ni nani alikukataza kulala kwake?"

 

Stick iko kwa droo ya duka, kati ya uzi na vifungo. Mathe yuko Sindo, anasikiliza redio. Ukimsalimia kwa simu anakuambia Marion anamjali sana, alimwekea mpaka TV ya kuongea. Anasema hivyo kwa kila mtu, na anamaanisha.

Wewe unayesoma hii, najua uko na simu mkononi. Last seen ya mama yako imekuonyesha alikuwa hewani sasa hivi, umeridhika, umesonga. Nenda kwake. Kaa naye, mpe kikombe cha chai, uone kama mkono wake utakipata.