Pikapu ya Eustace na wingu la saa nane

Saa tatu asubuhi, kijiji cha Kinole, milimani mkoani Morogoro. Jua limeshakausha umande. Eustace Mkude anapuliza rangi kwenye boneti ya pikapu yake, uso umefungwa kanga, na kila baada ya dakika chache anageuka kutazama mlimani. Kuku wamefungiwa. Mkewe, Yuliana, amepigwa marufuku kufagia uwanja.

"Leo wingu halinikuti," anasema.

Msafirishaji huyu wa ndizi, mwenye miaka 46, ana siku tisa tu. Jumapili ya wiki ijayo mdogo wake, Padre Raphael, anakuja kijijini kuadhimisha misa yake ya kwanza. Eustace anataka kumleta kwa gari lilelile lililompeleka seminari, sanduku lake likiwa juu ya mikungu ya ndizi.

Tatizo ni kwamba pikapu hiyo ya mwaka 1993 ilishababuka mpaka hata mwenyewe alianza kusahau rangi yake ya kuzaliwa. Fundi Hamza wa Morogoro mjini alitaka shilingi milioni moja na laki mbili. Eustace, ambaye safari moja ikienda vizuri humwachia elfu thelathini, aliaga kwa adabu. Akanunua rangi, thina na msasa kwa laki mbili na tisini, akaazima mashine ya upepo kwa shemeji yake.

Alisugua siku tatu. Ya nne, baada ya kushiba ugali wa mchana, akapuliza.

Saa nane wingu likashuka, kama linavyoshuka siku zote. Kufikia jioni ile bluu iliyokolea ilikuwa imepauka, utadhani imeoshwa kwa maji ya mchele. Majirani walikuja kumpa pole huku wakibana vicheko.

Vicheko alivimudu. Kilichomuuma ni kamati ya mapokezi, chini ya mwalimu mstaafu Catherine, kuamua kwamba padre akodiwe gari mjini. Mwalimu hakuzunguka mbuyu: padre hapandi kitu kile.

"Niliingia ndani ya gari nikalia, mtu mzima mimi," anakiri Eustace. "Nimebeba ndizi kwa gari hili ili mdogo wangu asome. Leo aletwe na dereva asiyemjua?"

Kesho yake alirudi kwa Hamza, amenywea. Fundi akasikiliza, akamwambia rangi haina kosa, kosa ni saa. Unyevu uliingia kabla haijakauka. Asugue tena, apulize asubuhi jua likiwaka, na ikifika saa tano aache. Hakumtoza kitu, ila alimwomba asiwafundishe wenzake, maana na yeye ana watoto wa kulisha.

Leo, saa tano kamili, Eustace anazima mashine. Nyuma rangi imetiririka mistari miwili, na mdudu mmoja ameganda mlangoni. Kwingine kote bluu inang'aa.

Saa kumi, wingu likiwa limeshashuka na bluu ikiwa ileile, Mwalimu Catherine anafika. Anaitikia shikamoo bila kuondoa macho kwenye boneti, kisha anaizunguka pikapu mara mbili.

"Huyo mdudu mtoe," anasema hatimaye. "Gari la kukodi nitawaambia waache."

Yuliana anacheka. Eustace anakaa chini, pale pale uwanjani.

"Siku hiyo wote watamtazama padre, na ndivyo inavyotakiwa," anasema baadaye. "Mimi nataka tukifika kanisani nishuke, nimfungulie mlango. Halafu nipige magoti, mdogo wangu anibariki."