Ndama wa Mwezi wa Kumi na Mbili

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba. Alfajiri rasharasha, kufikia saa tatu jua linachoma, ila tope la hapa joshoni bado linateleza.

Niandike nikiwa bado nakumbuka sawasawa, maana mimi na kompyuta tulikutana ukubwani, na kidato cha pili nilichoishia hakikunifundisha hata kuiwasha. Hapa Nyamwaga natunza rejesta ya mifugo. Programu ya rejesta aliiandika daktari wa mifugo wa zamani, kisha akahamishiwa Mugumu. Daktari wa sasa, mama mmoja kutoka Lindi, juzi aliisasisha kompyuta ili ikubaliane na printa mpya. Simlaumu. Bila hivyo tusingechapa hata karatasi moja.

Leo ilikuwa chanjo ya pili ya ndama. Dawa ikishafunguliwa hailali, na bila orodha hatujui yupi alichomwa ya kwanza na yupi bado. Watu wamejaa na mifugo yao, nabofya rejesta, inakataa: maktaba haipo.

"Maktaba gani tena, daktari? Ya vitabu?"

Akacheka. "Hapana, kaka. Ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa. Programu haibebi kila kitu tumboni. Ukiiwasha inapiga hodi kwa maktaba, inaomba. Hii yenu inaomba maktaba ya tarehe, toleo la pili. Mimi nimeweka la tatu, la pili limefutika."

Nikajiona mjanja. Lile la tatu nikalibandika jina la la pili. Rejesta ikafunguka! Nilijisifu mbele za watu, nakiri. Tukachapa, nikaanza kusoma kwa sauti. Ndama wa mzee wa kwanza kwenye foleni: amezaliwa tarehe sita, mwezi wa kumi na mbili, mwaka huu.

"Mura," mzee akasema, akiniita kijana kwa Kikurya, "kwa hiyo huyu anayenikanyaga mguu hajazaliwa?"

"Karani wetu anaona mpaka mimba!" mwingine akadakia, wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka.

Ndama yule alizaliwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita. Maktaba mpya inatanguliza mwezi, ya zamani ilitanguliza siku. Programu iliomba kwa mazoea ya zamani, ikapokea vya kisasa, ikameza bila kuuliza. Afadhali ilipokataa kufunguka. Kwa tarehe hizi tungechoma ndama hovyo tukiwa na karatasi safi mkononi.

"Tuahirishe?" daktari akauliza kwa upole. Chupa mbili za dawa zilikuwa zimeshafunguliwa.

Nikasema anipe nusu saa. Mdomo ulisema, moyo haukuamini.

Baba yangu alikuwa na wake wawili, boma moja, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Wote tuliwaita mama. Ukimwambia mtoto aende kwa mama akale, haingii mlango wowote tu, anajua wa kwake. Hapo ndipo nilipoona kosa langu: nilimbandika mama mdogo jina la mama mkubwa, nikategemea uji uwe uleule. Na dawa yake haikuwa kumfukuza mmoja. Ni kila mmoja kubaki kwenye nyumba yake.

Kwenye flashi aliyoiacha daktari wa zamani nikalikuta toleo la pili, zima. La tatu nikalirudishia jina lake, libaki na printa. La pili nikaliweka ndani ya folda ya rejesta, ila nikakwama namna ya kuiambia programu ianze kutafuta humo. Mstari huo aliniandikia daktari. Wazo langu, mstari wake. Huo ndio ukweli.

Tukawasha. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita. Nikakagua mifugo kumi ninayoifahamu mwenyewe, yote sawa. Printa nayo ikachapa bila kulalamika.

"Haya, chomeni," mzee akasema, akimshika ndama masikio. "Mura ameweza."

Niliweza! Saa kumi jioni chupa zote zilikuwa tupu, na hakuna ndama aliyechomwa asiyestahili wala aliyerukwa. Daktari akanipa mkono mbele ya watu wote, nami sikujua nitazame wapi.

Nyumbani tulikula ugali wa mtama na udaga wa muhogo, na mboga ya mgagani iliyopikwa kwa maziwa. Niliongeza mara mbili.