Friza ya Mzee Kagwe

Huko Ngoingwa, Thika, Aoko, mama Marvin, alijipatia riziki kwa kutotoa vifaranga katika mashine ya umeme, ndani ya chumba alichopanga. Jumapili moja alirudi kutoka kanisani akakuta tokeni za umeme zimekwisha na mashine imepoa; vifaranga waliokuwa wakitoboa maganda wamekufa wote. Akamlalamikia mwenye nyumba, Mzee Kagwe, kwamba mita ya chumba chake inakimbia hata asipowasha taa.

Mzee akacheka. "Mama Marvin, si ununue kuku alalie mayai? Kuku hali tokeni!"

Aoko aliyameza maneno hayo kama shubiri. Lakini alipoingiza tokeni mpya, alisikia nyuma ya ukuta, katika stoo ya Kagwe, friza ikianza kunguruma. Akazima swichi kuu ya chumba chake, friza ikanyamaza. Akawasha; ikanguruma. Basi akajua umeme wake unaliwa na nani.

Hakumwambia mtu. Alijua kisasi ni cha Mungu; alimwomba tu amwazime kidogo.

Siku ikaja. Wakwe walitarajiwa Jumamosi kuleta mahari ya binti wa Kagwe. Wenzake huchinja mbuzi siku yenyewe. Yeye, kwa ubahili, alinunua nyama ya bei nafuu Jumatano, akaijaza frizani, akaifunga kwa kufuli. Jioni ile Aoko, aliyemwona akiiingiza stoo, alizima swichi; mashine yake ilikuwa tupu, basi akawasha koroboi, akapikia makaa hadi Jumamosi.

Jumamosi, uvundo uliwapokea wageni kabla ya mwenyeji. Kagwe alifungua friza, akapiga ukelele, akakimbilia mlango wa Aoko huku wakwe wakimtazama.

"Wewe mama! Kwa nini umezima umeme?"

"Wa nyumba yangu, Mzee?"

"Washa sasa hivi!"

"Kodi nimelipa. Hata giza la humu ni langu."

Munyao, msemaji wa wakwe, alisogea. "Mzee, swichi ya mama huyu inaihusuje nyama yako?"

Aoko akaingia ndani, akawasha. Nyuma ya ukuta friza ikanguruma, kila mtu akaisikia.

Munyao akawageukia wazee wake, kisha akamrudia Kagwe kwa sauti ya upole. "Kabla hatujahesabiana mbuzi, tutembeze kwanza kwenye mita zako zote."

Wapangaji wakaanza kutoka vyumbani mmoja mmoja. Aoko akavuta kigoda, akaketi mlangoni pake, asipitwe na neno hata moja.