Siku Mwanangu Alipokiri Tego

Walimpiga mwanangu kwenye tuta la jaruba, mchana kweupe, mikononi wameshika miundu ya kuvunia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mfereji nafunga miganda ya mpunga. Nilisikia kelele nikadhani wameona nyoka.

Nianze na ugonjwa, maana ndio ulioleta yote. Huyu ni kitinda mimba wangu, mtu mzima, ana mke na watoto. Tulitoka Mafinga kuja Madibira kufuata mpunga, na tangu hapo maisha yake yamekuwa ndani ya maji ya mashamba, miguu mitupu. Kuanzia palizi alikuwa anaumwa huko chini. Akienda haja ndogo anasaga meno. Mkojo unatoka kidogo, unachoma, na mwisho wake mwekundu. Kinena kinawaka, korodani zinavuta, hata kukaa kwenye kigoda hawezi. Hakuniambia. Alikuwa anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vichache, anameza mpaka maumivu yanapoa, anaacha. Yakirudi yanarudi na hasira. Mimi niliona tu anatembea amepanua miguu kama bata. Nikamuuliza, akasema, "Mgongo, mama." Mkewe alikuwa anafua nguo zake na damu anaiona, naye akanyamaza kwa aibu. Nyumba nzima tulikuwa tunaulea ugonjwa kwa kunyamaza.

Sasa huku mwanaume akiumwa sehemu hizo, watu hawasemi ni ugonjwa. Wanasema ni tego. Mume anamwekea mkewe dawa kwa siri, mwanaume mwingine akimgusa anaumwa uume mpaka akiri, na anayeweza kumfungua ni yule yule aliyetega. Jirani yetu wa shamba alikuwa na wivu wa kichaa. Alijitapa kilabuni mbele ya watu kwamba mkewe amemwekea tego. "Atakayenasa mtamjua kwa mwendo," alisema. Watu wakacheka, lakini wakaanza kutazama miendo ya wenzao.

Siku hiyo ya mavuno mwanangu alijitenga pembeni kukojoa, maumivu yakamwangusha magoti. Jirani akamwona.

"Limenasa! Njooni muone, limenasa!"

Nilivuka mfereji nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, nikakuta wameshamzunguka.

"Jogoo! Simama basi uwike!"

"Kiri, wewe! Ukikaa nalo litaoza lianguke!"

Mmoja akampiga teke palepale panapouma. Ule ukelele sijausikia tena kwa mtu yeyote, na nimezika watu wengi. Wengine wakaenda kumtoa mke wa jirani kwenye turubai alikokuwa anapepeta, wakamburuta kwa kitenge. Mumewe akachukua fimbo ya kupigia mpunga akampiga nayo mkononi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Yule dada hakumwomba mumewe. Alimgeukia mwanangu.

"Shemeji, waambie! Waambie hujanigusa!"

Mwanangu akamtazama. Mdomo umejaa damu na matope. Akasema, "Nimekiri. Nilimlala. Nifungue, kaka, nifungue."

Nilijua ni uongo. Huyu mtoto wangu hata tego lenyewe alikuwa analiamini kuliko mimi. Aliona kama limemnasa bila yeye kujua limepitia wapi, basi akitamka tu, mkojo utatoka. Alikiri kama mtu anavyomeza dawa.

Badala ya kufunguliwa akapigwa upya. Mbavu nilizisikia. Jirani akainua mundu, nami nikamlalia mwanangu. Ncha ilinipasua bega, kovu ninalo.

"Ondoka, mama. Hili si lako," jirani akasema.

"Amekiri," nikamwambia. "Desturi ya tego unaijua. Mtu akikiri, mwenye tego anafungua. Fungua. Hapa hapa. Akojoe tuone."

Watu wakamgeukia jirani. Hilo hawakuweza kulikataa, maana ndiyo desturi yao wenyewe. Jirani akatoa kifurushi kiunoni, akavuruga mizizi yake kwenye maji ya mfereji, akamnywesha. Tukangoja. Mwanangu akashikiliwa huku na huku asimame, akajikamua, ikadondoka damu. Mkojo hakuna. Jirani akamwongezea mizizi. Hakuna.

Mzee mmoja akasema, "Tego lililokiriwa haligomi. Huu ni ugonjwa."

"Umetufanya wajinga," mwingine akamwambia jirani, akatema mate, akaokota mundu wake. Wakarudi kuvuna. Hakuna aliyesema pole, si kwangu, si kwa yule dada aliyekaa chini ameshika mkono wake kama mtoto mchanga.

Lori la mpunga lilitupeleka hospitali Mafinga. Walimwekea mpira wa mkojo, wakapima. Daktari akaniita pembeni. "Bibi, ana kichocho, na juu yake maambukizi ya njia ya mkojo yaliyokomaa kwa sababu ya dawa za nusunusu. Na mbavu zimevunjika."

"Mke wa mtu anaingiaje hapo?"

"Haingii, bibi. Kichocho amekitoa kwenye maji ya shamba."

Alipona. Safari hii dozi alimaliza, nilikuwa nakaa mbele yake mpaka ameze. Lakini yule dada alikuwa amefukuzwa, karudi kwa baba yake, nje kidogo ya mji wa Iringa, na jina la malaya mgongoni. Jina hilo alipewa na mdomo wa mwanangu. Mwanangu alipoweza kutembea nikampeleka huko.

Alivua viatu mlangoni akapiga magoti. "Baba, nilisema uongo. Sikumgusa binti yako. Nilikuwa naumwa."

Yule baba aliingia ndani, akatoka na bakora, akamchapa usoni. Shavu likapasuka. Mimi nilikaa kwenye benchi na sikunyanyuka. Alipoinua mara ya pili, binti akatokea, mkono umefungwa plasta.

"Baba, acha. Hapa anamwambia nani? Mimi najua sikulala naye, na wewe unajua. Aende akaseme kule kule Madibira, mbele ya wale wale."

Mwanangu akageuka kunitazama, damu inamchuruzika kidevuni.

"Wataniua, mama."

"Labda," nikamwambia. "Vaa viatu."