Laptopu Iliyokataa Kulala

Pale Behoririka, katikati ya Antananarivo, ukiuliza nani anafufua laptopu zilizochoka, utaonyeshwa meza ya Voahirana. Anaondoa ule mfumo mzito uliokuja na mashine, anaweka Linux, mfumo mwepesi wa bure, kisha anazima kimoja kimoja vitu vinavyonyonya betri. Chaji ya saa moja inakuwa ya saa nne. Na umeme wa mji ule unakatika bila hodi, kwa hiyo foleni kwake haiishi.

Jumatano moja mchana alimaliza laptopu nyeusi ya mwalimu fulani, akafunga kifuniko chake, akaitia kwenye begi na kumpa mumewe, Mamisoa, aipeleke shuleni. Mamisoa alipokuwa ametembea kama nusu saa hivi, mtu aliyeibiwa laptopu nyeusi asubuhi ile akaliona begi linalofanana na lake, akampigia kelele za mwizi. Watu wakamzunguka. Mamisoa akawaomba waiwashe tu, wataona jina la mwalimu kwenye kioo.

Wakabonyeza. Kiza. Halafu ilikuwa ya moto kama pasi.

"Kaiunguza makusudi huyu," mmoja akasema. "Haya kaka, jina liko wapi? Limeenda kula wali?"

Ngumi ya kwanza ilimvunja pua. Yakafuata mateke, yakafuata mawe. Fundi viatu mmoja wa kando ya barabara akatoa nyundo yake, akamponda vidole vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine.

Voahirana alipopigiwa simu na mtu aliyemtambua Mamisoa, akaambiwa laptopu haiwaki, umeme ulikuwa umekatika, chaja haikuwa na maana. Alichomoa betri ya mashine nyingine ya aina ileile, akarukia pikipiki. Akapenya katikati ya watu, akabadilisha betri, akabonyeza.

"Tazameni hapa kwanza. Mkitaka kuua, mtaua baadaye."

Kuwaka kulichukua sekunde arobaini. Alihesabu mateke kumi na moja. La mwisho liliingia jichoni. Ndipo jina la mwalimu likatokea, na yule mlalamikaji akalisoma, akafuta kiatu chake, akaenda zake.

Hospitalini, Mamisoa akamuuliza kwa midomo iliyovimba, "Voah, uliizima?"

Voahirana angeweza kusingizia uzee wa betri. Mamisoa asingejua.

"Nilifunga kifuniko tu. Nikadhani imelala."

Haikulala. Ilikesha ndani ya begi, ikajichemsha mpaka ikala chaji yote iliyobaki baada ya majaribio. Alikuwa amepima kila kitu apate zile saa nne, isipokuwa kama inalala ikifungwa kifuniko.

Mamisoa akavitazama vidole vyake vilivyofungwa bandeji.

"Mwalimu ameshaipata?"

"Bado."

"Basi ipeleke wewe," akasema, akageukia ukutani. "Kwa miguu."