Toleo Jipya la Tovuti ya Mtaa

Mtaani walimwita Toleo, naye, maskini, akadhani ni sifa. Jina lilimshika kwa sababu hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kukutangazia toleo jipya la kitu fulani: la simu yako, la televisheni ya jirani, la programu iliyoendesha tovuti ya mtaa, ambako wakazi walikuwa wameandika habari zao kwa miaka kumi na moja. Yeye ndiye fundi wa tovuti hiyo. Kamati ilimpa chumba nyuma ya ukumbi, meza, feni inayolialia, na nywila zote. Nywila ndizo zilizomvimbisha kichwa.

Waandishi aliwadharau wote. "Soga za wazee," alisema, na hajasoma hata moja. Aliyemchefua zaidi ni Mama Mkunga, mstaafu, ambaye kila wiki aliandika kisa cha mtoto mmoja aliyempokea akizaliwa, kisha akaenda duka la fotokopi kuuchapisha ukurasa pamoja na maoni ya watu chini yake. Toleo alicheka mpaka akashika mbavu. Tovuti kwenye karatasi! Mama yake mzazi, enzi za uhai wake, alimwambia mara nyingi, "Zisome basi, baba." Akawa anajibu atasoma. Wapi!

Kazi aliyoipenda ni kupamba. Aliingia kwenye mafaili ya programu yenyewe, mahali ambapo walioiunda wameonya wazi kwamba pasiguswe, akapagusa. Akaweka bango linalometameta, nyota zinazoanguka, na kwenye kona picha yake amekunja mikono kifuani. Fundi mwenye akili zake huweka mapambo kwenye folda ya pembeni, ili toleo jipya likija lisiyafagie. Toleo aliona folda ya pembeni ni ya waoga.

Siku ya kusasisha, Mama Mkunga alifika asubuhi, mkoba kwapani.

"Mwanangu, maandishi yetu yatakuwa salama? Mimi siku hizi nasahau. Kumbukumbu yangu ndiyo hiyo."

"Nimeshachukua nakala ya kila kitu, mama."

"Umeifungua ukaangalia ndani?"

Toleo alimkata jicho. "Mama, hapa si wodini."

Akabonyeza. Baada ya dakika kumi toleo jipya lilikuwa limekaa vizuri, na maandishi yote yapo, kisa baada ya kisa. Ila nyota hazipo, bango halipo, na ile kona ya picha imebaki nyeupe. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda kula. Huyu alipandwa na hasira. Kwa ajili ya nyota, jamani! Akaifuta tovuti nzima, hifadhidata yenye maandishi na vyote, ili airudishe kutoka kwenye nakala yake yenye mapambo.

Akaifungua nakala. Nyota zilikuwemo. Bango lilikuwemo. Yeye mwenyewe alikuwemo, amekunja mikono. Neno la mtu hata moja halikuwemo. Alikuwa amenakili tu yale mafaili aliyoyachokonoa, kwa kuwa kichwani mwake tovuti ilikuwa hiyo.

Akawapigia wenye seva, kampuni iliyoihifadhi tovuti.

"Huduma ya kuhifadhi nakala uliizima mwenyewe, kaka," wakamjibu. "Uliandika kwamba wewe si wa kushikwa mkono."

Maandishi ya wengine yalipotea hivyohivyo, mpaka leo. Mama Mkunga hakupiga kelele, heri angepiga. Alikwenda nyumbani, akarudi na mwenye duka la fotokopi, kila mmoja amebeba boksi. Kurasa mia tano na kitu.

"Kaa," akamwambia Toleo. "Andika."

Wiki tatu alimwandikisha. Alivuta kiti karibu, akaweka rula chini ya mstari, na mstari ukiisha akaishusha rula. Bingwa wa mtaa, aliyemcheka mama wa watu kwa karatasi zake, sasa akawa anazikodolea macho karatasi hizohizo. Stahili yake.

"Maoni nayaruka, mama," alijaribu siku moja. "Ni hongera na amina tupu."

"Huruki kitu. Wapo waliosema na hawatasema tena."

Akayaandika. Adhuhuri moja wakafika kwenye kisa cha mtoto aliyetanguliza miguu. Alipotoka, aliandika Mama Mkunga, alikuwa amekunja mikono kifuani kama bwana mkubwa aliyecheleweshewa gari, na hakulia mpaka alipopigwa makofi mawili ya matakoni. Toleo alicheka. Kwa mara ya kwanza alicheka na kisa badala ya kumcheka mwandishi. Rula ikashuka kwenye maoni.

"Huyo ni wangu," mtu alikuwa ameandika, miaka minne iliyopita. "Ndiye fundi wa tovuti hii. Namwambia asome, ananijibu atasoma. Siku akifika hapa mwambieni mama yake alikuwa akimngoja."

Chini yake lilikuwa jina la mama yake, kamili, kama lilivyoandikwa kwenye kaburi.

Vidole vya Toleo vikakwama. Feni ikalia. Mama Mkunga hakumtazama. Aliisawazisha rula, akaigonga kwa kucha.

"Na hilo andika," akasema. "Neno kwa neno."