Nyuki Ndani ya Piano ya Kanisa

Kanisa yetu hapa Lodwar ilipewa piano kubwa, ile ya miguu tatu. Ukiinua mbao ya juu inakaa kama mamba wa ziwani huko Kataboi anaota jua, mdomo wazi. Ilibebwa na wanaume kumi na tano, na kumi mpaka leo hawajanyooka mgongo. Mimi ndiye niliwekwa kuichunga. Sijui kusoma hata jina langu, lakini hiyo piano nilikuwa naijua kuliko bibi yangu.

Mwalimu wa kwaya ni Mkongo, anatoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kila wiki. Aliniambia joto ya hapa itapasua mbao, niweke maji chini yake. Nikaweka sufuria.

Wiki hiyo hiyo, sauti moja nzito ya mkono wa kushoto ikaanza kulia vibaya: dzzzz, kama nyuki kwa mkebe. Pasta akatuita.

"Hii kelele isipoisha kufikia Jumamosi, piano inapanda lori inaenda Kakuma. Huko iko na watu wa kuitunza." Akaniangalia mimi, si mwalimu.

Hapo nikashtuka. Nani anataka piano iende Kakuma? Si huyo mwalimu! Angecheza akitoka tu kitandani. Nikaacha kuchunga piano, nikachunga yeye. Akikohoa, natazama mikono. Akienda choo, nahesabu waya. Nilifika mia mbili, nikapotea, nikaanza tena.

"Papa, unanifwata juu ya nini?" akaniuliza. Kwao mzee ni papa.

"Nakufuata wapi? Mimi napanguza."

"Unapanguza mugongo yangu?"

Jumamosi asubuhi alifungua piano, akagonga ile sauti. Dzzzz. Akabana waya zake na kidole, nyuki akanyamaza. Akaachilia, akabana waya za jirani moja moja. Nyuki bado analia. Akaondoa vitabu vya nyimbo hapo juu. Bado.

"Waya iko muzima," akasema. "Kuko kintu ingine inamuitikia."

Nikasema moyoni, uongo umeanza.

Lakini mimi nimechunga mbuzi tangu nikiwa na meno mbili. Mbuzi akikohoa katikati ya kundi, husimami. Unachuchumaa, kikohozi inapita chini ya matumbo inakuja kwako. Nikamwambia agonge, nikachuchumaa. Dzzzz. Iko chini! Nikatambaa nikaikuta: sufuria yangu, mfuniko unatetemeka kama mtu wa malaria.

Kwani Mturkana anaacha maji wazi? Na mbuzi wa jirani wanaingia kanisani kushinda waumini? Nilikuwa nimefunika siku ile ile.

Nikakandamiza mfuniko. "Gonga." Safi. Nikaondoa mkono. Dzzzz.

Mwalimu akainama, tukaangaliana huko chini.

"Papa," akasema polepole, "maji ya kufunika, mbao itayakunywa namna gani?"

Viatu vya pasta vikaingia. "Mmepata?"

Nikangoja anichome kwa pasta. Neno moja tu, piano kwa lori, mimi kwa mbuzi.

"Ilikuwa kakintu kadogo, pasta. Huyu papa ndiye ameisikia."

Piano ikabaki. Sasa maji iko wazi, na mimi nashinda hapo na fimbo nikifukuza mbuzi.

Lakini huyo mwalimu. Mtu anakuokoa bila kuitisha hata chai? Kila akifika kutoka Kakuma namsalimia kwa Kiturkana, ejok, anajibu ejok, anacheka. Na mimi namwangalia mikono.